Wimbo wa Njiani

Neno kinanda ni kongwe kuliko chombo kinachoitwa kwa jina hilo leo. Zamani watu wa mwambao walilitumia kwa ala ya nyuzi iliyochezwa kwa vidole. Baadaye, vyombo vya Wazungu vilipoanza kushuka bandarini, neno likatanuka na kuvikumbatia vyote: kinanda cha kanisani, santuri, na hatimaye piano. Piano, basi, ilipofika pwani ya Afrika Mashariki ilikuta jina limekwisha kuandaliwa. Nyimbo ndizo zilizokuwa hazijaandaliwa, na mpaka leo kijana wa pwani anayeketi mbele ya chombo hicho akitaka kutunga kitu cha kwao hukabiliwa na swali lile lile: autoe wapi wimbo, na kwa ruhusa ya nani?

Swali hilo lilimkuta binti mmoja wa Kilwa Kivinje aliyekuwa akisoma muziki Unguja. Alikuwa amepewa kazi ambayo wanafunzi wa muziki hupewa duniani kote: atunge kipande kifupi cha piano kisichozidi dakika 3, akiandike katika mistari mitano, kisha akipige mwenyewe mbele ya walimu na wageni. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba kipande kitokane na muziki wa nyumbani kwao. Wenzake wa Unguja walikwenda moja kwa moja kwenye taarabu. Yeye alitoka katika pwani ambayo wageni wakiitaja hutaja mawe yake: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mawe hayana mahadhi. Alichokuwa nacho masikioni ni ngoma za wanawake.

Kwa jambo hilo chombo chenyewe kilimsaidia kuliko alivyotarajia. Mtu akiitazama piano kwa nje huona kabati la heshima. Akiifungua huona ngoma. Nyuma ya vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, zimo nyundo ndogo za mbao zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa. Kibao kikibonyezwa, nyundo yake huruka, hugonga nyuzi na kurudi. Sauti huzaliwa kwa pigo na papo hapo huanza kufifia. Mpigaji hawezi kuivuta wala kuikuza kama afanyavyo mpiga fidla au mpuliza zumari. Akin Euba wa Nigeria, mtunzi na mwanazuoni aliyefariki mwaka 2020, alishikilia kwamba piano ina undugu na ala za kugongwa za Afrika, na kwamba Mwafrika anaweza kuitungia kwa desturi zake mwenyewe. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia vilivyojengwa juu ya wazo hilo hilo. Binti wa Kivinje alivipenda vitabu hivyo kwa sababu vilimwambia kwamba mikono yake, iliyolelewa na ngoma, haikuwa na kasoro.

Hata hivyo piano ina ukaidi wake. Sauti zake zimegawanywa hatua 12 zilizo sawa katika kila oktava, na baina ya hatua na hatua hakuna kitu. Wapiga taarabu wanalijua tatizo hilo: kanuni, udi na fidla huweza kufika kwenye robo za sauti ambazo baadhi ya mahadhi ya Kiarabu huzihitaji, lakini piano haifiki. Wala hewa ya mwambao haiipendi. Unyevunyevu huvimbisha mbao zake, chumvi hushikisha nyuzi kutu, na kuzirudisha nyuzi zake, ambazo ni zaidi ya 200, katika sauti zake sahihi ni kazi ya fundi maalumu. Mwenye kuitungia hapa hutunga kwa chombo ambacho bahari inakila kidogo kidogo.

Katika rasimu ya kwanza binti huyo alichukua wimbo aliofundishwa ndani ya unyago. Wasichana wengi wa pwani ya kusini na bara yake wamepita katika mafunzo hayo. Mwari huwekwa ndani, nyakanga na makungwi humfundisha kwa nyimbo, ngoma na mafumbo mambo ya usafi, ndoa, heshima na utu uzima, na pamoja na hayo yote humfundisha kunyamaza. Yasemwayo ndani hayatoki nje. Wimbo aliouchagua ulikuwa mzuri kupita zote alizowahi kuzisikia. Ulipanda pale ambapo sikio lilitarajia ushuke, na ulipokwisha ulimwacha msikilizaji kana kwamba mtu ameondoka chumbani. Hayo yanatosha kusemwa juu yake.

Alijiambia kwamba hatoi siri yoyote, maana piano haina maneno. Siri, kwa fikira zake, ilikuwa katika maneno; akiyaacha, kitakachobaki ni sauti tupu, na sauti haina mwenyewe. Aliuandika wimbo wote kwa mkono wa kulia, akauwekea mapigo ya ngoma kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake alipousikia aliomba aurudie mara mbili, kisha akamwambia kwamba kazi iliyobaki ni ndogo.

Msomaji wa mashairi atauona mara moja udhaifu wa hoja ile. Mwambao huu hauna desturi ya kutenga mahadhi na maneno. Mtu aliyezoea kusikia utenzi ukisomwa kwa sauti, akiyasikia mahadhi yake peke yake, midomo yake huanza kucheza. Mizani 8 za kila kipande hujipanga zenyewe, na kina cha mwisho hufika kabla hakijatamkwa. Kwa asiyeujua wimbo, sauti zake ni sauti tu. Kwa aujuaye, hakuna namna ya kuyazuia maneno yasije.

Alimpigia simu bibi yake huko Kivinje, mwanamke aliyekuwa kungwi kwa miaka mingi. Hakupiga kuomba ruhusa. Alipiga kumpa habari njema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Masomo yanakwendaje?"

Akamweleza, kisha akauimba ule wimbo kwa mdomo uliofumbwa. Upande wa pili kukawa kimya hata akadhani simu imekatika.

"Hapo ulipo uko peke yako?"

"Niko peke yangu, bibi."

"Na siku hiyo ya kupiga, watakuwepo wanaume?"

"Watakuwepo. Hata mwalimu wangu ni mwanamume."

"Naye ameshausikia?"

"Ameusikia bila maneno, bibi."

"Wewe umeuimba sasa hivi bila maneno, nami nimeyasikia maneno yote."

Binti alijaribu kujitetea kwa kumtaja Bi Kidude. Utetezi huo haukuwa mdogo. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kote kwa jina la Bi Kidude mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa kungwi wa unyago Unguja, na aliutoa msondo nje akaupiga majukwaani, mbele ya wanaume na wanawake, wenyeji na wageni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Kama Unguja nzima ilimshangilia, kwa nini mwanafunzi alaumiwe kwa dakika 3 za piano?

Na tena, unyago wa Unguja wenyewe ulitoka wapi? Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupakia watumwa waliopelekwa Unguja. Waliletwa kwa miguu kutoka bara ya kusini, Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakonde na wengineo, wakashindiliwa majahazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini waliokwisha kuvuka walibaki, na pamoja nao zilibaki ngoma zao. Watu wasiokuwa na mali yoyote mikononi walivuka na nyimbo za kuwafunda binti zao. Binti wa Kivinje alikuwa amevuka bahari ile ile, safari hii kwa boti yenye viti na kwa hiari yake, akaenda kuukuta msondo wa kwao umekuwa sifa ya kisiwa. Je, hakuwa na haki ya kuushika?

Bibi alisikiliza yote hayo bila kumkatiza. Kisha akajibu kwa ufupi kwamba Bi Kidude alikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiufungua mlango, ameufungua. Yeye ndiye aliyejua lipi la kutoa ukumbini na lipi la kuacha ndani, kwa kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Mjukuu wake alikuwa mgeni aliyelala katika nyumba ile siku zake chache, akapewa alichopewa, akaapishwa, akatoka. Kuhusu waliovushwa kwa nguvu alisema neno moja tu: walinyang'anywa kila kitu isipokuwa kile walichokinyamazia.

Kwa hiyo wimbo ule uliondoka. Alimwambia mwalimu wake kwamba hataupiga tena. Mwalimu aliuliza sababu, naye hakuweza kuieleza bila kueleza kile ambacho hakipaswi kuelezwa. "Si wangu, mwalimu," ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. Mwalimu akamtazama, akairudisha karatasi, akasema, "Basi tafuta ulio wako, binti. Lakini ujue unaacha kitu kikubwa." Alikuwa anajua. Hakuna faraja katika sehemu hii ya habari. Mtunzi aliyekuwa na wimbo bora alibaki bila wimbo, na majuma 5 tu yalikuwa yamesalia.

Likizo ilimrudisha nyumbani. Alivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, akapanda basi la kusini, akavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, ambapo kabla ya hapo magari yalikuwa yakingojea kivuko, akashuka Nangurukuru na kuingia Kivinje jioni. Kwapani alikuwa na kinanda cha umeme cha kuazima chenye vibao 61 badala ya 88. Vibao vilivyokosekana vilikuwa pande zote mbili, na vile vya kushoto ndivyo alivyovikusudia kuwa msondo. Hivyo huko Kivinje sauti nzito zaidi za kipande chake ilimbidi azisikie kwa kukisia tu.

Bibi yake hakumwachia mkono mtupu. Alimweleza kwamba nyimbo za mwari ni za namna mbili. Ziko za ndani, na ziko za njiani. Siku mwari anapotolewa, hufunikwa kanga akaongozwa na wanawake mtaani, na nyimbo zinazoimbwa hapo huimbwa makusudi zisikike. Mvuvi anayetengeneza nyavu huzisikia, mwenye duka huzisikia, watoto huzifuata. Hizo hazina mlango. "Chukua ya njiani," alisema. "Hiyo hata mwalimu wako angekuwa mpangaji hapa mtaani angeijua."

Tatizo ni kwamba wimbo wa njiani, ukilinganishwa na ule wa ndani, ulikuwa kitu kidogo sana. Ulikuwa na sauti 4, mwito mmoja na kiitikio kimoja, ukarudiwa mpaka msafara ufike. Mtembeaji hahitaji zaidi ya hapo. Aliyeketi kusikiliza piano huhitaji, na binti aliupiga usiku wa kwanza akaona umekwisha kabla hajauanza.

Béla Bartók wa Hungaria, aliyezunguka vijijini na chombo cha kunasia sauti akikusanya nyimbo za wakulima, kisha akatunga vipande 153 vya piano vya Mikrokosmos, aliwahi kuandika kwamba kadiri wimbo ulivyo mwepesi ndivyo mtunzi anavyopata uhuru wa kuujengea mambo mageni na mazito chini yake. Binti alilisoma wazo hilo chuoni bila kulipa uzito. Kule Kivinje lilianza kuwa na maana. Wimbo wa ndani ulikuwa umekamilika. Yeye alikuwa akiunakili tu, na mkono wa kushoto ulikuwa mtumishi wake. Wimbo huu haukukamilika bila kazi yake.

Alianza na hesabu. Mwito ulikuwa na mizani 8, kama kipande cha utenzi, lakini ngoma ilizunguka kwa mapigo 12. Mizani 8 zikitandazwa juu ya mapigo 12, zinabaki nafasi 4 zisizo na neno. Alizifikiria kwa siku mbili, mpaka alipowatazama wanawake wakiimba huku wakitembea uani kumwonyesha: nafasi zile zilikuwa za miguu. Wimbo ulinyamaza ili hatua isikike. Kwa hiyo aliacha vituo 4 katika mkono wa kulia, na ndani ya vituo hivyo akauweka mkono wa kushoto, vibao viwili vilivyopakana vikibonyezwa pamoja, ili sauti iwe na ukwaru wa ngozi ya ngoma badala ya ulaini wa uzi. Mkono mmoja ukagawa mapigo 12 mara 3, mwingine mara 4, na msikilizaji akaachwa aamue mwenyewe wapi pa kukanyaga.

Kisha kulikuwa na ile sauti moja iliyokataa kukaa. Bibi alipoimba mwito, sauti ya tatu haikuwa kibao cheupe wala cheusi; ilikaa katikati. Alijaribu cheupe, bibi akatikisa kichwa. Alijaribu cheusi, akatikisa tena. Mwishowe akakigusa cheusi kwa wepesi mno na kuteleza kwenye cheupe, kama mtu anayejikwaa bila kuanguka. Bibi hakusema kwamba ni sawa. Alisema, "Nimekuelewa."

Kwa umbo zima alirudi kwenye kile ambacho kila mtoto wa pwani anakijua, yaani ubeti. Kipande kikawa na mishororo 4. Mitatu ya kwanza ilianza kwa mwito ule ule na kila mmoja ukaenda kwake: wa kwanza mtupu, wa pili wenye sauti mbili zikitembea sambamba kama waitikiaji, wa tatu ukishuka hadi sauti nzito ambazo kinanda cha kuazima hakikuwa nazo. Mshororo wa nne ulikuwa kibwagizo. Baina ya wa tatu na wa nne aliacha kimya cha mzunguko mzima, mapigo 12 yasiyo na sauti yoyote. Wimbo ule mwingine haukuwekwa hapo wala popote. Lakini aliyeupoteza alijua urefu wa mahali pake.

Siku mbili kabla ya kurudi Unguja, wanawake 6 wa rika la bibi yake walikuja kusikiliza. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo kinanda kiliwekewa betri na kuwekwa juu ya meza ya chakula barazani. Kule kwetu pwani, husemwa, mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwao ndiko pia mcheza hukosolewa bila haya. Alipiga kipande chote. Hakuna aliyepiga makofi. Walitazamana, kisha mmoja wao, mzee kuliko wengine, akauliza:

"Mwari huyo anakimbilia wapi?"

"Vipi, bibi?"

"Huyo amefunikwa, haoni njia. Ameshikwa mkono. Amekaa ndani, miguu imesahau mchanga. Wewe unamkimbiza kama anawahi gari. Na jua je? Tunamtoa asubuhi, hatuna haraka, tunataka watu wamwone."

Mwingine akaongeza kwamba hata kimya kile cha katikati kilikuwa kifupi: "Hapo ndipo anapofika mlangoni kwao. Mwache asimame."

Walimu wake walikuwa wamempa alama za mwendo kwa namba, mapigo mangapi kwa dakika, na yeye alichagua mwendo wa haraka ili mapigo 12 yavutie. Sasa aliupunguza karibu kwa thuluthi. Kipande kikarefuka, kikakaribia kabisa ile mipaka ya dakika 3. Vituo vya miguu, ambavyo kwa haraka vilisikika kama mapambo, vikawa hatua za mtu mwenye woga. Kimya cha katikati akakifanya mizunguko miwili.

Alipopiga mara ya pili, wale wanawake waliitikia. Hakuwaomba. Mwito ulipotoka kwenye kinanda, kiitikio kilitoka vinywani mwao, na maneno yake, kwa kuwa ni ya njiani, yalivuka ukuta hadi barabarani, ambako kijana mwenye baiskeli alisimama akasikiliza. Kilipofika kile kimya cha mizunguko miwili, wote walinyamaza kwa urefu ule ule bila kuhesabu. Mzee aliyeuliza swali akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti ya shilingi elfu moja na kuiweka juu ya vibao, upande wa kushoto, pale ambapo mkono ulikuwa bado unapiga.